Jicho Moja Barabarani: Nani Athibitishe Usalama wa Dereva wa Lori?

Mji wa Texarkana, Marekani, umegawanywa na barabara iitwayo State Line Avenue. Upande mmoja ni jimbo la Texas, upande wa pili ni Arkansas. Kwa miaka mingi dereva anayeona kwa jicho moja tu, akiwa na kibali cha jimbo la Texas, aliweza kuendesha lori kutoka El Paso, mpakani mwa Meksiko, mpaka Texarkana, mwendo wa takriban kilomita 1,300, mradi mzigo wake ulikuwa wa ndani ya jimbo. Ila kuivuka barabara ile na kwenda kushusha mzigo Arkansas lilikuwa kosa, isipokuwa awe na barua ya msamaha kutoka Washington. Dereva hakubadilika, wala lori, wala lami. Kilichobadilika ni mamlaka iliyomsimamia.

Jambo hili linawagusa wasomaji wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa. Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi na Wasomali wengi waliohamia Marekani wamepata riziki kwenye usukani wa lori, kwa sababu kazi hiyo haidai shahada ya chuo na malipo yake yanaweza kutunza familia huko na kusaidia nyumbani. Kwa mtu wa namna hiyo, kufeli kipimo cha macho ni kupoteza mtaji wake wote. Kwa upande mwingine, lori lililojaa linaruhusiwa kufikia uzito wa takriban tani 36 kwenye barabara kuu za huko, na likiwa kwenye mwendo wa kasi linahitaji zaidi ya mita 150 kusimama. Mwaka 2021 na mwaka 2022, kila mwaka zaidi ya watu 5,000 walikufa nchini humo katika ajali zilizohusisha malori makubwa, na wengi wao hawakuwa ndani ya lori. Kwa hiyo anayezungumzia haki ya dereva ni lazima azungumzie pia uhai wa aliye kwenye gari dogo mbele yake.

Kati ya haki hizo mbili limekaa swali ambalo Marekani imelihangaikia tangu miaka ya 1930: dereva mwenye upungufu wa macho ahukumiwe kwa kundi alilomo, au kwa uwezo wake mwenyewe? Na mzigo wa kuthibitisha umwangukie nani?

Kanuni ilivyokazwa

Kanuni ya kwanza ya shirikisho ilitoka mwaka 1937. Ilidai tu kwamba dereva awe na macho mazuri yote mawili, kwa miwani au bila miwani, na aweze kutambua rangi nyekundu na kijani. Haikutaja kipimo chochote. Miaka miwili baadaye, mwaka 1939, vipimo viliingia: jicho moja lifikie 20/40, na la pili lifikie angalau 20/100. Maana ya 20/40 ni kwamba mtu anakiona akiwa umbali wa futi 20, yaani kama mita 6, kile ambacho mwenye macho timamu anakiona akiwa futi 40. Hivyo sheria ya mwaka 1939 ilikubali kwamba jicho la pili linaweza kuwa dhaifu sana na mtu bado akaendesha.

Mwaka 1952 mlango huo ulifungwa. Macho yote mawili yakatakiwa kufikia 20/40. Marekebisho ya mwaka 1970 yalileta sura ambayo mpaka leo ndiyo kanuni ya kawaida: 20/40 kwa kila jicho peke yake na kwa macho yote mawili pamoja, upeo wa kuona pembeni usiopungua nyuzi 70 kwa kila jicho, na uwezo wa kutambua rangi nyekundu, kijani na kahawia-njano za taa za barabarani. Miwani au lenzi za machoni zinakubalika. Anayefikia kipimo akiwa amevaa miwani hahitaji msamaha wowote.

Walioachwa nje ni wale ambao miwani haiwasaidii katika jicho moja. Wapo waliopoteza jicho kwa ajali ya kazini au ya utotoni. Wapo ambao jicho lao halina jeraha lolote, ila ubongo uliacha kulitumia tangu wakiwa wadogo. Wengine wana kovu kwenye retina, na wengine presha ya jicho imewaharibia mshipa wa fahamu upande mmoja. Watu hawa hutembea, hufanya kazi na huendesha magari yao binafsi kihalali. Kwenye lori linalovuka mpaka wa jimbo, sheria iliwahesabu wote kuwa hatari, bila kuwauliza lolote kuhusu uendeshaji wao.

Kinachopotea na kinachobaki

Je, sheria ilikuwa na msingi? Jibu la haki lina pande mbili.

Macho mawili yakifanya kazi pamoja, ubongo hulinganisha picha mbili zinazotofautiana kidogo na kupata kina cha vitu: kipi kiko karibu, kipi kiko mbali. Mwenye jicho moja hana kipimo hicho. Anapoteza pia sehemu ya mwisho ya upeo wa pembeni, upande wa jicho lisiloona. Hasara hizi ni za kweli, na anayezikana hamsaidii dereva.

Hata hivyo kina kinachotokana na macho mawili kina nguvu zaidi kwa vitu vya karibu, kama kutia uzi kwenye sindano au kumimina chai kikombeni. Kwa gari lililo mita 100 mbele, mtu yeyote, awe na macho mawili au moja, hutegemea zaidi dalili nyingine: ukubwa wa kitu unavyoongezeka, kitu kimoja kinavyokifunika kingine, mistari ya barabara inavyokutana kwa mbali, vitu vinavyopita kwa kasi tofauti kadiri mtu anavyosogea. Dalili hizo zote zinapatikana kwa jicho moja. Na upeo wa pembeni hufidiwa kwa kugeuza shingo na kutumia vioo, jambo ambalo dereva yeyote wa lori hufundishwa, kwa kuwa lori lina sehemu nyingi zisizoonekana hata kwa mwenye macho mawili.

Utafiti uliofanywa na McKnight, Shinar na Hilburn, uliochapishwa mwaka 1991, ulilinganisha madereva 40 wa malori makubwa wenye jicho moja na 40 wenye macho mawili. Kwenye vipimo vya macho, wenye jicho moja walikuwa nyuma katika kutofautisha vitu visivyokolea, katika kuona kwenye mwanga hafifu na kwenye mng'ao wa taa, na katika kupima kina. Kwenye uendeshaji wenyewe, tofauti iliyojitokeza ni kwamba wenye macho mawili walisoma alama za barabarani kutoka mbali zaidi. Katika kukaa kwenye njia, kupima nafasi ya kupita, kutambua hatari na kukagua mazingira, makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha kutajwa.

Funzo ni kwamba upungufu wa jicho si lazima uwe upungufu wa udereva, lakini unaweza kuwa hivyo mahali maalumu, hasa usiku. Kanuni inayomfukuza kila mwenye jicho moja inapitiliza. Nayo kanuni inayomkubali kila mmoja bila kumwangalia inajidanganya.

Ruhusa, kesi na msamaha

Mwaka 1992 serikali ya shirikisho ilijaribu njia ya kati. Idara ya barabara kuu ilianzisha mpango wa utafiti na kutoa ruhusa za muda kwa madereva wenye upungufu wa macho waliokuwa na uzoefu wa miaka mitatu na rekodi safi. Nia ilikuwa kukusanya takwimu ili kanuni ibadilishwe kwa ushahidi.

Shirika la utetezi wa usalama barabarani, Advocates for Highway and Auto Safety, lilikwenda mahakamani. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufaa mjini Washington ilikubaliana nalo: serikali ilikuwa imetoa ruhusa kwanza ndipo itafute ushahidi kwamba hazitapunguza usalama, ilhali sheria ilitaka ushahidi utangulie. Mpango ukabatilishwa. Waliokuwa tayari wamo waliendelea mpaka Machi 1996, kisha wakaachiwa haki yao kwa masharti ya kupimwa kila mwaka.

Lakini takwimu zilikuwa zimekusanywa, na zilionyesha kwamba madereva wa mpango ule walipata ajali kwa kiwango cha chini kuliko cha madereva wa malori kwa jumla. Mwaka huohuo wa 1996, Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Nane iliamua kesi ya dereva mmoja wa Minnesota aliyenyimwa ruhusa. Majaji walisema serikali haiwezi kudai kwamba haina ushahidi wakati imeshika mkononi takwimu za mpango wake yenyewe.

Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa makini. Walioingia kwenye mpango walichaguliwa kwa sababu rekodi zao zilikuwa safi, na walijua wanaangaliwa. Si ajabu wakafanya vizuri kuliko wastani. Takwimu hazithibitishi kwamba mwenye jicho moja yeyote ni salama sawa na mwingine. Zinathibitisha jambo dogo zaidi lenye maana kubwa: inawezekana kuwatambua, miongoni mwa wenye jicho moja, madereva walio salama. Na hilo ndilo hasa ambalo kanuni ya jumla ilikuwa ikilikataa.

Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilibadilisha sheria. Msamaha ungeweza kutolewa kwa miaka miwili ikiwa kwa uwezekano mkubwa ungeleta usalama ulio sawa au zaidi ya ule wa bila msamaha. Kuanzia mwaka 2000 kazi hiyo ilishikwa na FMCSA, shirika jipya la kusimamia usalama wa magari ya mizigo na abiria.

Mlango uliokuwa mwembamba

Mfumo wa msamaha ulidumu zaidi ya miaka ishirini. Ulikuwa na heri yake: ulimtazama mtu mmojammoja. Dereva alileta cheti cha daktari wa macho, akaonyesha kwamba jicho lake zuri linafikia 20/40, akaleta rekodi ya miaka mitatu. Akipewa msamaha, alipimwa kila mwaka na alitakiwa kubeba nakala ya barua yake kila aendako. Kwa maelfu ya familia hiyo ilikuwa tofauti kati ya kazi na kukosa kazi.

Lakini ulikuwa na kasoro tatu, na ya kwanza ndiyo iliyoumiza zaidi. Miaka mitatu ya uzoefu ilitakiwa iwe ya kuendesha gari la biashara akiwa na upungufu huohuo wa macho. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuvuka mpaka wa jimbo, uzoefu huo ungepatikana ndani ya jimbo tu. Aliyeishi kwenye jimbo lililotoa vibali alikuwa na njia. Aliyeishi kwenye jimbo lililokataa hakuwa nayo. Aliyepoteza jicho akiwa tayari ameendesha miaka ishirini bila ajali alilazimika kuanza upya, pengine asipate pa kuanzia. Na kijana aliyezaliwa na jicho moja dhaifu alidaiwa uzoefu wa kazi ambayo hakuruhusiwa kuifanya. Kigezo kilichokusudiwa kupima usalama kiligeuka kuwa kipimo cha mahali mtu anapoishi.

Kasoro ya pili ilihusu heshima ya mtu. Kila ombi lilichapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali ili umma utoe maoni: jina la dereva, umri wake, ugonjwa wa jicho lake, vipimo vyake, maneno ya daktari wake na makosa yake ya barabarani. Umma una haki ya kujua serikali inasamehe nini, lakini kumwanika mtu ugonjwa wake mbele ya dunia nzima ili apate kufanya kazi ni bei kubwa mno.

Kasoro ya tatu ilitoka mahakamani. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya kampuni ya maduka ya vyakula ya Albertson's. Dereva wake mmoja, ambaye jicho moja lilikuwa dhaifu tangu utotoni, alifukuzwa mwaka 1992 baada ya kugunduliwa kwamba hafikii kanuni, ingawa wapimaji wa awali walikuwa wamempitisha kimakosa. Alipata ruhusa ya serikali, lakini kampuni ilikataa kumrudisha. Majaji wote walikubaliana kwamba mwajiri ana haki ya kushikilia kanuni ya kawaida ya shirikisho na halazimiki kuitetea upya kwa kila dereva, wala kukubali ruhusa ya majaribio. Kwa hiyo hata aliyeshika karatasi ya Washington mkononi hakuwa na uhakika wa ajira.

Matokeo yake yalionekana kwenye idadi. Nchi yenye takriban madereva milioni 2 wa malori makubwa ilifika mwisho wa mfumo huo ikiwa na wenye misamaha ya macho wapatao 2,000 tu, yaani kama mmoja kwa kila elfu.

Mageuzi ya mwaka 2022

Januari 2022 FMCSA ilitangaza kanuni mpya iliyoanza kutumika tarehe 22 Machi mwaka huo. Njia ilikuwa imefunguliwa na kanuni ya mwaka 2018 kuhusu madereva wa kisukari wanaotumia insulini, ambao nao walikuwa wakiishi kwa misamaha. Sasa mwenye upungufu katika jicho moja haombi tena msamaha Washington. Kuna kigezo mbadala ndani ya kanuni yenyewe, na mwaka mmoja baadaye, tarehe 22 Machi 2023, misamaha yote ya zamani ya macho ilikoma.

Kigezo hicho kina mambo manne. Jicho zuri lifikie 20/40. Upeo wake wa pembeni uwe angalau nyuzi 70. Mtu aweze kutambua rangi za taa za barabarani. Na upungufu wake uwe umetulia, naye awe amepata muda wa kutosha kuuzoea. Daktari wa macho au mtaalamu wa kupima macho hujaza fomu ya MCSA-5871, na ndani ya siku 45 dereva anatakiwa awe ameipeleka kwa mpimaji wa afya, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho. Cheti hakizidi miezi 12.

Badala ya miaka mitatu ya uzoefu umewekwa mtihani wa barabarani unaosimamiwa na mwajiri kabla dereva hajaanza kazi kwa mara ya kwanza chini ya kigezo hiki: kukagua gari, kuunganisha na kuachanisha trela, kuendesha kwenye msongamano, kupita magari mengine, kukata kona, kufunga breki, kurudi nyuma na kuegesha. Waliokuwa na misamaha na wenye uzoefu wa miaka mitatu ndani ya jimbo wameondolewa mtihani huo.

Haya ni mageuzi ya haki. Yameondoa kigezo cha makazi, yamerudisha ugonjwa wa mtu kwenye faili la daktari wake, na yameweka mbele swali lililostahili kuulizwa tangu mwanzo: mtu huyu anaendeshaje?

Mahali pa kuangalia

Wanaopinga hawapaswi kupuuzwa, kwa sababu hoja zao nyingine zina uzito.

Mwajiri ndiye anayetoa mtihani, na mwajiri huyohuyo ndiye mwenye mizigo inayosubiri dereva. Kampuni kubwa yenye idara ya usalama itafanya mtihani wa kweli. Kampuni ya malori mawili inaweza kuzunguka uwanja wa kuegesha na kutia sahihi. Kanuni inategemea uaminifu mahali ambapo fedha inavuta upande wa pili.

Nyuzi 70 nazo ni chache. Kipimo hicho kilitungwa kwa mtu mwenye macho mawili, kila jicho na upeo wake. Jicho moja zima la kawaida lina upeo unaozidi nyuzi 120. Anayebaki na jicho moja lenye nyuzi 70 tu ana ugonjwa hata katika jicho analolitegemea, na kumweka kwenye lori la tani 36 ni kulegeza mahali pasipostahili kulegezwa.

Vilevile kanuni haidai kipimo cha kuona kwenye mwanga hafifu wala kwenye mng'ao, ingawa utafiti wa mwaka 1991 ulionyesha kwamba hapo ndipo wenye jicho moja hupungukiwa. Na maneno “muda wa kutosha” hayana idadi. Umoja wa Ulaya unatoa mfano wa miezi sita ya kutoendesha kwa dereva wa lori aliyepoteza sehemu kubwa ya uoni katika jicho moja. Marekani imemwachia daktari akadirie, na daktari anaweza kuwa na mgonjwa mwenye deni la nyumba anayemwomba aharakishe.

Ulaya yenyewe imechagua njia kali zaidi. Maelekezo ya mwaka 2009 yanadai jicho zuri la dereva wa lori lifikie 0.8, kwa hesabu ya desimali badala ya sehemu kama 20/40, jicho dhaifu lifikie angalau 0.1, na upeo wa macho yote mawili kwa pamoja uwe nyuzi 160. Uingereza inafuata mwelekeo huohuo. Asiyeona kabisa kwa jicho moja hapati leseni mpya ya lori huko. Njia hiyo ni rahisi kuisimamia, lakini inarudia kosa la Marekani ya mwaka 1952: inamhukumu mtu kabla ya kumpa usukani.

Jibu la kasoro za kanuni mpya si kurudisha marufuku. Ni kukaza pale palipolegea: upeo wa jicho linalotegemewa uongezwe mpaka angalau nyuzi 120, kipimo cha mwanga hafifu na mng'ao kiwekwe kwenye fomu ya daktari, muda wa chini wa kuzoea utajwe kwa miezi, na mtihani wa barabarani usimamiwe na mtu asiyelipwa na kampuni inayoajiri. Mambo haya manne hayamfungii nje dereva aliye salama. Yanampa ulinzi hata yeye, kwa sababu siku atakapohusika katika ajali isiyo kosa lake, wakili wa upande wa pili atauliza kwanza kuhusu jicho lake, naye atahitaji karatasi zinazosimama.

Kwa ndugu zetu walio kwenye barabara hizo, kuna mambo ya kushika. Usifiche upungufu wa jicho kwa mpimaji wa afya: taarifa ya uongo kwenye fomu ya shirikisho inaweza kukupotezea cheti, kazi na hata haki yako mahakamani, wakati leo sheria inakupa njia halali. Nenda kwa daktari wa macho kwanza, chukua fomu yake, na usiiache ipitwe na siku 45. Kama umepoteza uoni hivi karibuni, usiruhusu mwenye kampuni akuharakishe. Jipe miezi ya kuzoea kabla ya kushika lori. Dai mtihani wa kweli, pamoja na mwendo wa usiku hata kama hakuna aliyekutaka ufanye hivyo. Na ukijiona usiku huwezi, ukatae mzigo wa usiku. Sheria imekubali hatimaye kukupima wewe mwenyewe. Basi nawe jipime kwa ukweli uleule, kwa ajili ya watoto wako na wa mwenzako aliye mbele yako barabarani.